Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi: Muziki wa Klabu kati ya Disko na Hausi, 1979–1986

Ikisiri

Historia nyingi za muziki maarufu wa Marekani husema kwamba disko lilikufa mwaka 1979, na kwamba hausi ilizaliwa Chicago takribani miaka mitano baadaye. Miaka iliyo katikati huachwa kama pengo. Makala haya yanapinga mpangilio huo wa vipindi. Kwa kufuatilia kumbi, santuri na mitambo iliyotumika New York na Chicago kati ya mwaka 1979 na 1986, makala yanaonesha kuwa kilichokufa ni jina la kibiashara, ilhali kazi yenyewe iliendelea bila kukatika. Makala yanadai pia kwamba pengo hilo lina madhara: waliofanya kazi katika miaka isiyo na jina ndio waliopoteza kwa urahisi zaidi sifa na haki za kazi zao. Mwisho, makala yanaangalia neno disko linavyotumika katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, na kupendekeza namna ya kuandika historia ya muziki katika lugha yetu bila kurithi mapengo ya wengine.

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii inatenganisha mambo mawili ambayo waandishi wa historia ya muziki huyachanganya mara kwa mara, yaani chombo na kazi. Majina ya aina za muziki ni koleo la mwanahistoria. Kwa majina hayo hushika jambo lenye moto, akaligeuza na kulichunguza. Tatizo huanza pale jina linapoachwa kutumika, naye akahitimisha kwamba hata moto umezimika.

Mfano ulio wazi zaidi wa kosa hilo ni miaka iliyo kati ya disko na hausi. Vitabu vya kiada na makala za magazeti huturuka kutoka mwaka 1979 hadi katikati ya miaka ya 1980 kana kwamba watu waliacha kucheza. Je, katika miaka hiyo nani alipiga nini, wapi, na kwa vyombo gani? Na kwa nini kipindi chenye kazi nyingi kiasi hicho kimebaki bila jina linalokubalika na wote?

Kabla ya kuendelea, istilahi mbili zifafanuliwe. Katika Afrika Mashariki, muziki wa dansi ni muziki wa bendi zinazopiga ala moja kwa moja mbele ya wachezaji. Kwa hiyo makala haya yanatumia muziki wa klabu kwa maana ya muziki uliorekodiwa na kupigwa kwa santuri ili watu wacheze. Anayezipiga santuri hizo ataitwa mpiga santuri au dijei.

2. Majina matatu, mahali patatu

Tuanze na maneno yenyewe. Disko ni ufupisho wa neno la Kifaransa discothèque, lililoundwa kwa kufuata neno la maktaba katika lugha hiyo. Maana yake ya awali ni mahali zinapowekwa santuri. Baadaye likawa jina la ukumbi wa kuchezea santuri. Ni baadaye zaidi, katika miaka ya 1970, neno hilo lilipohamishiwa kwenye muziki wenyewe.

Njia hiyohiyo ilifuatwa na majina mengine mawili. Mjini New York, ukumbi wa Paradise Garage ulikuwa katika jengo la zamani la kuegeshea magari, King Street namba 84. Kutoka kwenye jina hilo likapatikana jina la muziki uitwao gereji. Mjini Chicago, ukumbi wa Warehouse, neno lenye maana ya ghala, ulifunguliwa mwaka 1977 katika South Jefferson Street namba 206. Jina la hausi linatokana na ukumbi huo. Wauzaji wa duka la santuri la Importes Etc. walibandika kwenye masanduku yao maelezo kwamba santuri zilizomo ni zile zinazosikika Warehouse, kisha wakafupisha maelezo hayo hadi likabaki neno moja.

Kwa hiyo majina yote matatu ni majina ya mahali. Hayakutungwa na wachambuzi walioona mtindo mpya wa sauti. Yalitokana na watu waliojua waende wapi wakasikie nini. Jambo hili litatusaidia kuliona pengo kwa jicho jingine, kwa sababu mtu anayefuata mahali hakutani na ukingo mkali anaokutana nao mtu anayefuata lebo za kibiashara.

Tukumbuke pia kwamba kumbi hizi hazikuanza na muziki wa Marekani pekee. David Mancuso alianza kuandaa karamu zake za kucheza, zilizojulikana kama Loft, nyumbani kwake New York mwaka 1970. Miongoni mwa santuri zilizopata umaarufu kupitia karamu hizo ni “Soul Makossa” ya Manu Dibango, Mkameruni aliyekuwa akiishi Ufaransa. Santuri hiyo ya mwaka 1972 iliingia katika chati za kitaifa za Marekani mwaka 1973. Waliocheza katika kumbi hizo walikuwa hasa Wamarekani Weusi, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wapenzi wa jinsia moja ambao hawakuwa na mahali pengi pa kukutania.

3. Mwaka 1979: Ni nini kilichokufa?

Mwishoni mwa mwaka 1977 filamu ya “Saturday Night Fever” iliufikisha muziki wa klabu kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga katika kumbi hizo. Kampuni kubwa za santuri zilimwaga fedha, na vituo vya redio vikabadili mipango yao. Kila msanii, hata asiyehusika, alishauriwa kutoa santuri ya disko. Soko likajaa kupita kiasi.

Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua kreti la santuri za disko kati ya mechi mbili za siku hiyo. Dahl alikuwa amepoteza kazi baada ya kituo chake cha awali kugeukia disko. Aliyekuja na santuri ya kuharibiwa aliingia kwa senti 98. Watu wapatao 50,000 walihudhuria. Maelfu wakavamia uwanja, na mechi ya pili ikashindwa kuchezwa.

Tukio hilo limefasiriwa kwa njia mbili. Dahl mwenyewe amekana kuwa na nia ya kibaguzi. Kwa upande mwingine Vince Lawrence, kijana Mweusi aliyekuwa akifanya kazi uwanjani hapo usiku huo, ameeleza kwamba nyingi ya santuri zilizoletwa hazikuwa za disko hata kidogo, bali zilikuwa santuri za wanamuziki Weusi. Tutakutana tena na Lawrence.

Ushahidi wa muziki wenyewe haukubaliani na tangazo la kifo. “Good Times” ya kundi la Chic ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya Marekani mwezi Agosti mwaka huohuo, baada ya mlipuko wa Comiskey. Mwezi uliofuata, mlio wa gitaa la besi wa wimbo huo ulibeba “Rapper’s Delight” ya Sugarhill Gang, santuri iliyoufikisha muziki wa rap kwa hadhira pana.

Kilichobadilika ni jina. Waandaaji wa tuzo za Grammy walikuwa wameanzisha tuzo ya santuri bora ya disko. Ilitolewa mara moja tu, mwaka 1980, kwa Gloria Gaynor kwa wimbo wa “I Will Survive”, kisha ikafutwa. Mauzo ya santuri kwa jumla yalikuwa yameshuka Marekani mwaka 1979, na kampuni kubwa zilitafuta cha kulaumu na cha kupunguza. Idara za disko zilifungwa au zikapewa jina jingine. Watu walewale waliendelea kurekodi, ila neno lenyewe halikuandikwa tena kwenye jalada.

4. Miaka isiyo na jina: New York

Kujiondoa kwa kampuni kubwa kuliwaachia nafasi wadogo. Kampuni huru za New York kama vile Prelude, West End na Salsoul ziliendelea kutoa santuri kwa ajili ya klabu. Zilikuwa na silaha moja kubwa, nayo ni santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja mrefu. Mwaka 1976 Salsoul ilikuwa imetoa “Ten Percent” ya Double Exposure, iliyorefushwa na kupangwa upya na Walter Gibbons, ambayo ndiyo ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani kwa umma. Mifereji ya santuri ya inchi 12 ilipata nafasi zaidi, sauti nzito zikasikika vizuri, na dijei akapata muda wa kuunganisha wimbo mmoja na mwingine.

Kutokana na chombo hicho kulitokea fani mpya, nayo ni ya mchanganyaji. Huyu hakuwa mtunzi wala mwimbaji. Alichukua kanda za studio zenye kila ala katika njia yake, akaondoa sauti hapa, akarudia mapigo pale, akaurefusha wimbo kwa kufuata alichokiona miguuni mwa wachezaji. François Kevorkian alifanya kazi hiyo kwa Prelude. Larry Levan, dijei wa Paradise Garage, aliifanya kwa West End na wengineo.

Santuri za miaka hiyo zinaonesha mabadiliko hatua kwa hatua. Katika disko la mwisho wa miaka ya 1970, ngoma kubwa hupiga katika kila pigo, takribani mapigo 120 kwa dakika, huku vinanda vya nyuzi na tarumbeta vikijaza juu. Mwaka 1981 Levan alichanganya “Heartbeat” ya Taana Gardner, wimbo wa mwendo wa polepole, karibu mapigo 100 kwa dakika, wenye besi nzito na nafasi tupu nyingi. Mwaka huohuo kundi la “D” Train lilitoa “You’re the One for Me”, ambamo vinanda vya kielektroniki vinafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na bendi nzima. Mwaka 1982 Peech Boys, kundi la Levan mwenyewe, lilitoa “Don’t Make Me Wait”, yenye makofi ya kielektroniki na mwangwi unaosafiri ukumbi mzima.

Tukiziweka santuri hizi katika mstari mmoja hatuoni pengo lolote. Tunaona okestra ikipungua, mitambo ikiongezeka, na mchanganyaji akisogea kutoka pembeni hadi katikati. Wapenzi wa santuri baadaye waliita muziki huu bugi, na wengine wakauita muziki wa baada ya disko. Majina yote mawili yalienea baadaye, kwa kuangalia nyuma. Waliokuwapo waliuita muziki wa kuchezea tu, au walitaja ukumbi ulikopigwa.

5. Chicago: Kutoka ghalani hadi kwenye santuri

Frankie Knuckles alizaliwa New York na kukulia katika kumbi zake pamoja na Levan. Mwaka 1977 alihamia Chicago kupiga santuri katika ukumbi wa Warehouse wa Robert Williams. Hivyo hausi ina mzazi aliyetoka moja kwa moja katika disko. Kampuni zilipoacha kutoa santuri za mtindo alioutaka, Knuckles alizitengeneza upya. Alikata na kuunga kanda, akarefusha sehemu za mapigo, akaongeza ngoma. Alipoondoka Warehouse mwishoni mwa mwaka 1982, alifungua ukumbi wake, Power Plant. Kwa upande wake Williams alianzisha Music Box, ambako Ron Hardy alipiga kwa kasi na ukali zaidi. Redioni, kuanzia mwaka 1981, kundi la madijei lililoitwa Hot Mix 5 liliufikisha mseto huo kwa vijana kupitia kituo cha WBMX.

Mseto wenyewe ulikuwa mpana. Ulikuwa na santuri za zamani za Philadelphia na Salsoul, santuri mpya za Prelude na West End, na pia santuri za kielektroniki kutoka Italia, kama vile “Dirty Talk” ya Klein & M.B.O. ya mwaka 1982. Vijana wa Chicago walisikia katika santuri hizo za Ulaya jambo muhimu, kwamba ngoma kubwa ya disko inaweza kupigwa na mashine, na wachezaji wasiondoke.

Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma ya TR-808 mwaka 1980, kisha TR-909 mwaka 1983. Mashine hizi hazikusifiwa sana na wanamuziki wa studio, kwani hazikusikika kama ngoma halisi. TR-808 iliacha kutengenezwa mwaka 1983, na bei ya zilizotumika ikashuka. Hapo kijana asiye na bendi, asiye na studio, akaweza kuwa na mpigaji ngoma asiyechoka chumbani mwake. Wengine walizibeba hadi klabuni, wakaongeza mapigo juu ya santuri iliyokuwa ikizunguka.

Mwezi Januari 1984 Jesse Saunders alitoa “On and On”, inayotajwa na wengi kuwa santuri ya kwanza ya hausi kuchapwa. Alishirikiana na Vince Lawrence, yuleyule aliyekuwa Comiskey Park miaka minne na nusu kabla. Wimbo huo ulikuwa jaribio la Saunders la kuunda upya santuri aliyozoea kuipiga na ambayo aliibiwa, santuri iliyokuwa imeunganishwa kutokana na vipande vya nyimbo za disko. Kwa hiyo hata ile inayoitwa ya kwanza ni kumbukumbu ya disko iliyoundwa upya kwa mashine. Knuckles naye alisema baadaye kwamba hausi ni kisasi cha disko. Kauli yake ni sahihi kwa hisia, lakini kihistoria kisasi huhitaji marehemu, na marehemu hakuwapo.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Kampuni za Trax na DJ International zilianza kutoa santuri moja baada ya nyingine. Mwaka 1986 “Love Can’t Turn Around” ya Farley “Jackmaster” Funk iliingia katika kumi bora za Uingereza. Januari 1987 “Jack Your Body” ya Steve “Silk” Hurley ikashika nafasi ya kwanza huko. Jina la duka la santuri sasa lilikuwa jina la bidhaa ya kimataifa, na hapo ndipo waandishi wengi walipoanzia historia yao.

6. Gharama ya kukosa jina

Msomaji anaweza kuuliza: kama muziki uliendelea, jina lina faida gani? Jibu liko katika umiliki na kumbukumbu.

Kwanza, kazi iliyofanywa katika kipindi kisicho na jina huhesabiwa kuwa maandalizi ya kazi ya mwingine. “Heartbeat” huelezwa kuwa dalili ya kitu kitakachokuja, wala si kitu kilichokamilika. Wachanganyaji kwa kawaida walilipwa ujira wa mara moja, bila mgawo wa mauzo, kwa sababu kazi yao haikuwa na nafasi katika istilahi za mikataba: si utunzi, si uimbaji.

Pili, kazi hizo zilipotea kirahisi kati ya kanda na santuri. “Your Love” ya Jamie Principle ilipigwa na Knuckles kutoka kwenye kanda katika Power Plant miaka kadhaa kabla ya kutolewa rasmi. Ilipotolewa na Trax mwaka 1987, jina lililoandikwa lilikuwa la Knuckles, dijei aliyeitangaza, badala ya la Principle aliyeitunga na kuiimba. Mwaka 2020 Larry Heard na Robert Owens, wawili wa waasisi wa mtindo huo, waliishtaki Trax kuhusu haki za kazi zao za miaka ya 1980. Shauri lilimalizika kwa makubaliano mwaka 2022, na haki hizo zikarudi kwao. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita.

Tatu, mashahidi walipungua. Taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu maradhi yaliyokuja kuitwa UKIMWI ilichapishwa Marekani tarehe 5 Juni 1981, katikati kabisa ya kipindi tunachokijadili. Patrick Cowley wa San Francisco, mmoja wa waliosukuma mbele muziki wa klabu wa kielektroniki, alifariki Novemba 1982. Mwimbaji Sylvester, aliyefanya naye kazi, alifariki mwaka 1988. Wachezaji waliokufa bila majina yao kuandikwa popote ni wengi mno. Historia ya kumbi hutegemea masimulizi ya waliokuwamo, na kizazi cha masimulizi hayo kilikatwa. Sehemu ya kile tunachokiita pengo la muziki ni makaburi.

7. Neno disko katika Kiswahili

Kiswahili kina jambo la kuchangia katika mjadala huu. Neno disko lilipoingia katika lugha yetu halikuingia kama jina la mtindo mmoja wa muziki. Lilibaki karibu na asili yake, likawa jina la mahali na la shughuli. Mtu huenda disko. Panapopigwa bendi ni dansini. Panapopigwa santuri, kanda au, leo, mafaili ya kompyuta, ni disko. Watoto hupelekwa disko toto wakati wa sikukuu, na vijijini na pembezoni mwa miji hufanyika disko vumbi, ambalo jina lake linaeleza sakafu yake. Hakuna anayeuliza kama muziki unaopigwa humo una vinanda vya nyuzi vya mwaka 1977. Hata pale neno lilipounganishwa na ngoma ya wenyeji, kama walivyofanya Mombasa Roots wa Kenya katika miaka ya 1980 kwa “Disco Chakacha”, lilileta maana ya ukumbi wa kisasa kuliko ya mtindo uliopitwa na wakati.

Kwa hiyo sentensi “disko lilikufa mwaka 1979”, ikitafsiriwa neno kwa neno, ni uongo katika Kiswahili. Mwanafunzi wa Mombasa au Morogoro akiikuta kitabuni atajua kwa uzoefu wake kwamba si kweli, na huenda akadhani kuwa uzoefu wake ndio wenye kasoro. Ukweli ni kwamba matumizi ya Kiswahili yamehifadhi maana ambayo biashara ya Marekani iliizika: disko ni watu, mahali na santuri. Kwa maana hiyo, Warehouse ya mwaka 1982 ilikuwa disko, na Music Box ya mwaka 1985 pia.

Hatari yetu ni kwamba tunapoandika historia ya muziki wa kwetu tunaweza kuazima vipindi pamoja na istilahi. Tukisema mtindo fulani ulikufa mwaka fulani kwa sababu redio ziliacha kuutaja, tutakuwa tumewaondoa kitabuni wapigaji waliobaki vilabuni na harusini wakiendelea na kazi ileile.

8. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kati ya mwaka 1979 na 1986 muziki wa klabu wa Marekani haukukatika. Okestra ilipungua na mashine zikaongezeka. Kampuni kubwa zilitoka na ndogo zikaingia. Mchanganyaji na dijei wakawa watunzi. Lililokatika ni jina, na kwa sababu jina lilikatika, sifa na malipo vilikatika pia kwa wengi.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchunguzi huu. La kwanza, mtafiti apange vipindi kwa kufuata kazi zenye tarehe na kumbi zenye anwani kabla ya kufuata majina ya mitindo. La pili, kila jina la mtindo liulizwe nani alilitoa: mchezaji, muuza duka, mwandishi au kampuni, na lini. La tatu, waandishi wa kamusi za Kiswahili waeleze disko kwanza kama mahali na shughuli, kisha kama mtindo, kwa sababu ndivyo wasemaji wanavyolitumia.

Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hutafuta jingine, au hushika chuma kwa alichonacho. Kazi ya mwanahistoria ni kutazama chuma, na kuandika jina la aliyekishika.